Mbwa Jike Akiingia Joto: Mwongozo Kamili wa Kumfuatilia na Kumtunza

Siku ya 13 damu ilikauka. Nilikuwa nikiihesabu kila asubuhi, nikashukuru kwamba yameisha. Nikapiga deki, nikaanika kitanda chake juani, nikamfungulia Tausi, mbwa wangu jike, mlango wa nyuma kama kawaida. Miezi miwili baadaye alizaa watoto sita, naye mwenyewe alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili tu. Wawili hawakufika siku ya tatu. Nilimfungia karibu wiki mbili nzima, kwa hiyo siwezi kusema sikujali. Kuna jambo moja tu ambalo sikulijua, na ndilo naomba ulishike hata ukisahau mengine yote: kwa mbwa, damu ikikoma ndipo siku zenyewe za kushika mimba zinapoanza.

Tunakosea kwa sababu tunaichukulia damu ya mbwa kuwa hedhi. Mwanamke hutokwa na damu baada ya yai kupita bila mimba kutunga. Kwa mbwa mambo huenda kinyume: damu hutangulia yai. Homoni ya estrojeni inapanda, mishipa midogo ya kizazi inajaa hadi inavuja, na yai bado halijatoka. Halafu mbwa hana umri wa kukoma. Jike wa miaka 12 bado anaweza kuingia joto na kushika mimba, ingawa muda kati ya joto moja na jingine hurefuka kadiri anavyozeeka.

Mzunguko wote una vipindi vinne. Cha kwanza ni maandalizi: damu ipo, madume wanamfuata, yeye anawakataa. Kwa wastani ni siku 9, lakini siku 3 hadi 17 si ajabu. Cha pili ni kupokea dume, nacho ni siku 9 hivi, kikiweza kuwa kifupi cha siku 3 au kirefu cha siku 21. Cha tatu hakionekani kwa macho na ndiyo maana watu hawakijali: ni takriban miezi miwili ambayo homoni ya projesteroni iko juu, awe na mimba au asiwe nayo. Cha nne ni mapumziko, miezi minne au mitano. Ndiyo sababu wengi huingia joto kila baada ya miezi 6 au 7, ingawa wapo wa miezi 4 na wapo wa mwaka mzima. Basenji, kwa mfano, huingia mara moja tu kwa mwaka.

Hatua ya 1: Anza daftari kabla hujaona damu

Mbwa wa maumbo madogo huingia joto la kwanza kati ya miezi 6 na 9. Wale wakubwa sana wanaweza kuchelewa hadi mwaka na nusu, hata miaka miwili. Akipita miaka miwili bila dalili yoyote, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Pengine aliingia joto la kimya, lile lisilo na damu ya kuonekana, na wewe ukakosa kujua.

Andika tarehe ya tone la kwanza, siku rangi ilipobadilika, siku alipoanza kugeuza mkia, na siku uvimbe ulipokwisha. Baada ya mara mbili tatu utakuwa na ratiba yake yeye, ambayo ina thamani kuliko wastani wowote nitakaokupa hapa. Lakini usiyaamini sana majoto ya mwanzo. Mbwa mchanga anaweza kuvimba, akatoka damu siku chache, yote yakatulia, kisha wiki kadhaa baadaye akaanza upya, na safari hii kweli kweli. Aliyedhani yamekwisha hushtuka wakati dume yuko tayari mlangoni.

Hatua ya 2: Ikamate siku ya kwanza

Wapo majike wanaojilamba kwa bidii hadi hutaona hata doa sakafuni. Dawa yake ni karatasi laini nyeupe ya chooni. Kila asubuhi, akiamka na kabla hajaanza kujilamba, mgusishe karatasi hiyo ukeni kwa upole na uitazame penye mwanga. Ni kazi ya nusu dakika. Anza kufanya hivyo mwezi mmoja kabla ya tarehe unayomtarajia.

Dalili nyingine huja pamoja na damu au hutangulia kidogo. Uke huvimba, wakati mwingine mara mbili au tatu ya kawaida yake. Anajilamba mara kwa mara. Anakojoa kidogo kidogo kila mahali, kwa kuwa mkojo wake sasa unabeba habari kwa madume. Tabia nayo hubadilika: mwingine anakuganda mguuni, mwingine anakuwa mkali kwa majike wenzake. Kama unaishi na majike wawili au zaidi, walishe mbalimbali siku hizi, kwani mapigano ya majike si ya mzaha.

Ukigundua damu kwa kuchelewa, usiandike siku uliyoiona kuwa ya kwanza ukatulia. Chukulia kwamba huenda ilianza siku 3 au 4 nyuma.

Hatua ya 3: Soma mabadiliko siku kwa siku

Hapa ndipo macho yako yanapofanya kazi kuliko kalenda. Mwanzoni karatasi inatoka na wekundu wa damu kamili, na uke umejaa, ni mgumu ukiugusa. Dume akisogea, jike anakaa chini, anafyata mkia, anageuka na kumfokea. Baada ya siku kadhaa wekundu unapauka, unakuwa kama maji yaliyosuuzia nyama, halafu unaelekea rangi ya majani makavu. Uke bado ni mkubwa lakini umelegea, umekuwa laini. Msugue juu ya makalio, karibu na shina la mkia: akisimama tuli, akatanua miguu ya nyuma kidogo na kuusukuma mkia pembeni, ameingia kipindi cha kupokea dume.

Ndani ya mwili yanatokea haya. Estrojeni inashuka, projesteroni inaanza kupanda, na ubongo unatoa amri ya mayai kuachiliwa. Siku mbili hivi baada ya amri hiyo, mayai yanatoka, lakini yanatoka yakiwa machanga na yanahitaji siku 2 au 3 zaidi kupevuka kabla ya kurutubishwa. Mbegu za dume kwa upande wake zinaweza kuishi ndani ya jike kwa karibu wiki nzima. Weka mambo hayo mawili pamoja utaona kwa nini hakuna "siku salama" katikati ya joto: aliyepandwa mapema anashika mimba kwa mbegu zinazosubiri yai, na aliyepandwa mwishoni anashika kwa yai linalosubiri mbegu.

Kuna kanuni inayorudiwa kila mahali kwamba mbwa hupandwa siku ya 11 na ya 13. Inawafaa baadhi. Wapo wanaopokea dume siku ya 5, wengine siku ya 20, na wapo wanaotoka damu nyekundu mwanzo hadi mwisho bila kupauka hata kidogo. Ukisikia mtu anasema kwa uhakika kwamba jike wake hawezi kushika mimba kwa sababu bado anatoka damu, mwambie hajaona mengi.

Hatua ya 4: Mlinde kwa wiki 4 kamili

Wengi husema siku 21. Mimi nasema 28 tangu tone la kwanza, na hata hapo usimwachie mpaka uhakikishe mambo matatu: uvimbe umerudi kawaida, akisuguliwa makalio hageuzi mkia, na madume wamepoteza hamu.

Kanuni yangu ni vizuizi viwili kati yake na dunia, wakati wote. Akiwa chumbani, mlango wa chumba umefungwa na wa nyumba umefungwa. Akitoka uani, uko naye na amefungwa kamba, hata kama uzio ni mrefu. Mtu mmoja akisahau mlango mmoja, bado kuna wa pili. Tausi alinifundisha kwamba si dume peke yake anayetafuta njia. Jike aliye tayari huchimba, huruka, hupenya penye upenyo ambao jana usingedhani anautosha. Uzio wa waya wenye matundu makubwa haufai kitu, maana mbwa hupandana wakiwa upande huu na ule wa waya.

Haya yafuatayo hupuuzwa sana, na kila moja limewahi kuleta watoto wasiotarajiwa:

- Kaka yake, baba yake na mwanawe ni madume tu. Undugu haumzuii mbwa.
- Dume wa miezi 6 au 7, ambaye bado unamwona mtoto, anaweza kumpa mimba.
- Dume aliyehasiwa juzi bado ana mbegu zilizobaki njiani. Mtenge naye kwa wiki 6. Aliyehasiwa zamani hawezi kutia mimba, lakini anaweza kumpanda na wakanasana.
- Chupi ya mbwa au pampasi ni ya kulinda sakafu. Dume huivua au huisogeza kwa sekunde chache.
- Hakuna manukato wala mafuta ya kupaka yanayoficha harufu yake.

Ukiwa na dume ndani ya nyumba hiyo hiyo, njia ya huruma ni kumpeleka dume kwa rafiki mpaka yaishe. Akibaki hatakula vizuri, atalia usiku kucha, atakwaruza milango hadi kucha zitoke damu. Nimewahi kujaribu kuwatenganisha kwa ukuta mmoja na sitarudia kumtesa mnyama namna ile.

Kumtembeza kunaruhusiwa, na kunamsaidia kutuliza akili. Chagua saa ambazo mbwa wengine hawapo, tumia kamba fupi na ukanda ambao hawezi kuuchomoa kichwani, na mwache akojoe mbali na lango lako, la sivyo atawaonyesha madume njia ya nyumbani.

Hatua ya 5: Usafi

Hapa hakuna mengi. Mpe matandiko yanayofuliwa kwa urahisi na ubadilishe kila siku. Futa uke kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu pekee. Usiingize kitu ndani wala kutumia dawa za kuua vijidudu, kwani sehemu hiyo sasa ina upenyo wa kupitisha vijidudu hadi kizazini. Ukimvalisha pampasi, badilisha kila baada ya saa chache na umvue alalapo. Hamu ya kula ikipungua kidogo isikutie hofu. Akikataa chakula kabisa kwa siku mbili, hilo ni jambo jingine na linahitaji daktari.

Hatua ya 6: Ukiwakuta wamenasana

Usiwavute. Usiwamwagie maji, usipige kelele, usimpige dume. Sehemu ya uume wa dume huvimba ikiwa ndani, na misuli ya jike huibana. Kuwatenganisha kwa nguvu huwajeruhi wote wawili. Kunasana huchukua kati ya dakika 5 na 45. Mshike jike kwa upole asijiviringishe, mtulize kwa sauti, ngoja. Mbegu zenye nguvu zimeshapita tayari, kwa hiyo kuwavuta hakuokoi chochote.

Baada ya hapo mfungie kama kawaida, tena zaidi. Akipandwa na dume wa pili kesho, anaweza kuzaa watoto wa baba wawili tumboni humo humo.

Zungumza na daktari wa mifugo ndani ya siku chache. Njia ni kama tatu: kusubiri kipimo cha ultrasaundi, ambacho huonyesha mimba vizuri kuanzia siku ya 25 hadi 30 baada ya kupandwa, kumhasi, au dawa ya kuzuia mimba isiendelee, kama aglepristoni, inapopatikana. Akikutajia sindano ya estrojeni, muulize kuhusu hatari zake. Ni tiba ya zamani inayoweza kuharibu uboho wa mifupa na kuleta usaha kizazini. Vidonge vya binadamu usimpe kabisa.

Hatua ya 7: Kama unataka azae

Usimpandishe joto la kwanza. Mwili wake bado unajijenga, na nimekwisha kukueleza Tausi alilipa nini. Subiri akomae, kwa kawaida baada ya miaka 2 au karibu na hapo. Kamilisha chanjo na dawa za minyoo kabla ya joto kuanza. Wapime jike na dume bakteria wa Brucella canis, wanaotoa mimba, kuua uzazi wa mbwa na kuweza kumwambukiza mtu pia. Dume akaguliwe uume na jike uke, kwa sababu ya saratani nitakayoieleza chini.

Siku sahihi hupatikana kwa kipimo cha projesteroni kwenye damu. Anza siku ya 5 au 6, rudia kila baada ya siku 2 au 3. Kiwango kikifika nanogramu 5 hadi 8 kwa mililita, mayai yanatoka. Mpandishe siku mbili baada ya hapo, kisha rudia baada ya siku moja au mbili. Faida yake ya pili ni kwamba utajua siku ya kuzaa: siku 63 tangu mayai yatoke, ikipungua au kuzidi moja au mbili. Ukihesabu tangu kupandwa, unaweza kukuta ni siku 57 na unaweza kukuta ni 72. Kama kipimo hicho hakipo, daktari anaweza kusoma seli za uke kwa hadubini. Hata hilo likikosekana, mpandishe kila baada ya siku moja tangu anapokubali hadi anapokataa.

Jike ndiye apelekwe kwa dume. Dume akiwa ugenini hupoteza muda akinusa kuta.

Hatua ya 8: Miezi miwili inayofuata usiipoteze machoni

Kipindi kile cha tatu ndicho kilichoua majike wengi waliotunzwa vizuri. Projesteroni inaufanya ukuta wa kizazi kuwa mnene na wenye utelezi, inafunga mlango wa kizazi, na inapunguza kinga ya mahali hapo. Bakteria waliopanda wakati mlango ulikuwa wazi, mara nyingi E. koli wa kawaida tu kutoka kwenye kinyesi, wanajikuta wamefungiwa penye chakula na joto. Usaha unajaa.

Mara nyingi hutokea wiki ya 4 hadi ya 8 baada ya joto. Dalili ninayoiangalia mimi ni bakuli la maji. Jike aliyekuwa akimaliza bakuli moja kwa siku sasa anamaliza matatu, anakojoa ovyo hata ndani, amezubaa, anakiangalia chakula na kugeuka. Anaweza kutapika. Kama mlango wa kizazi uko wazi, utaona usaha wa kahawia au wa kijani-njano wenye harufu. Kama umefunga, hutaona kitu chini, tumbo linajaa, na hali hiyo ni ya hatari zaidi kwani kizazi kinaweza kupasuka. Nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, hata iwe usiku. Tiba ya uhakika ni upasuaji wa kuondoa kizazi. Kumpa antibayotiki nyumbani na kusubiri ni kumpotezea saa alizobakiwa nazo. Sindano za kuzuia joto zenye homoni ya aina ya projesteroni huongeza hatari ya ugonjwa huu na ya uvimbe wa matiti, na mimi sizishauri.

Jambo jingine la kipindi hiki linatisha kwa macho lakini mara nyingi halina madhara: mimba ya uongo. Wiki ya 6 hadi ya 8, wakati mwingine baadaye, matiti yanavimba, maziwa yanatoka, anachimba kiota ndani ya nguo. Tausi aliwahi kulea kandambili moja kwa siku tisa. Aliilamba, akailalia, akanung'unika nilipokaribia. Usimkamue, kwa sababu kukamua kunaita maziwa mengine. Usimkanye pia, homoni zake zinamwambia ana watoto. Mwongezee matembezi, ondoa vitu anavyovilea akiwa hayupo, mzuie asijilambe matiti. Wiki 2 au 3 yatatulia. Titi likiwa la moto, gumu au jekundu, muone daktari.

Damu isiyo ya joto

Daftari lako litakuambia: damu imekuja miezi miwili baada ya joto, au haijakoma kwa wiki sita. Usiseme "labda ameingia tena". Inaweza kuwa usaha wa kizazi, maambukizi ya njia ya mkojo, au ile saratani ya sehemu za siri inayoambukizwa mbwa wanapopandana, kulambana au kunusana. Hii ya mwisho ni uvimbe mwekundu unaofanana na koliflawa, unaovuja damu kwa miezi, na wengi huuchukulia kuwa joto lisiloisha. Wengi hupona kwa sindano za vinkristini, dawa ya kutibu saratani, kwa hiyo kuchelewa kwa kudhani ni joto kunaumiza moyo. Na ukiona nyama ya waridi imetokeza ukeni wakati wa joto lenyewe, huo ni ukuta wa uke uliovimba na kujitokeza. Ulinde usikauke wala kuchubuka mpaka daktari auone. Jike aliyehasiwa akionyesha dalili za joto, huenda kipande cha ovari kilibaki ndani.

Hatua ya 9: Kuhasi, na lini

Kama huna mpango wa kuzalisha, muhasi. Hatari ya usaha kizazini huondoka, na akihasiwa mapema, uwezekano wa uvimbe wa matiti hupungua. Upande wa pili upo: baadhi ya majike huja kuvuja mkojo ukubwani, wengi hunenepa usipopunguza chakula, na mbwa wa maumbo makubwa ni afadhali amalize kukua kwanza kwa ajili ya viungo vyake. Mweleze daktari ukubwa wa mbwa wako na umri wake, mpange pamoja.

Wakati mzuri ni miezi 2 hadi 3 baada ya joto, akiwa mapumzikoni. Akiwa kwenye joto mishipa imejaa na upasuaji huwa mgumu zaidi. Akiwa na maziwa ya mimba ya uongo, kuondoa ovari ghafla kunaweza kuyafanya maziwa hayo yasikome. Kama italazimu ahasiwe akiwa bado kwenye joto, usimwachie akirudi nyumbani. Harufu hubaki kwa siku kadhaa, madume hawajui kwamba amefanyiwa upasuaji, na mshono mbichi hauwezi kustahimili kupandwa.